Maji ya Nyar Ahero

Nilipokuwa mtoto, katika boma la babu yangu nje kidogo ya Pap Onditi, tumbo likimuuma mtu hatukuuliza amekula nini. Tuliuliza amekula mbele ya nani. Kulikuwa na watu, hasa wanawake, waliosemekana kuwa na sihoho: jicho ambalo likitua juu ya mtu anayekula au kunywa, tonge hugeuka ndani ya tumbo lake na kukataa kushuka. Sikumbuki kuambiwa jambo hilo kwa mara ya kwanza, kama ambavyo sikumbuki kuambiwa kwamba moto huunguza.

Kazi yangu sasa ni ya sheria, mjini Kisumu, na nimezoea kutomwamini shahidi mpaka nimemgeuza pande zote. Kwa hiyo naanza na mimi mwenyewe. Nilikuwa mdogo, nilikuwa mgonjwa, na maneno ninayoyanukuu yalisemwa kwa Kijaluo. Tafsiri ni yangu, na makosa pia.

Mama yangu alifanya kazi mbali, akatuacha mimi na mdogo wangu Ouma kwa wazazi wake. Bibi tulimwita Dani. Mwaka huo mjomba wangu Joram, kifungua mimba wa Dani, alioa. Mkewe, Rosa, alitoka upande wa Ahero, na kwa desturi yetu ya kumwita mke kwa jina la kwao, Dani alimwita Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa yaliyokaa juu ya kitu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nalieleza hilo la macho kwa tahadhari. Sijui kama nililiona kabla ya kusikia tuhuma au baada.

Masika yalipokolea, tukaanza kuhara. Alianza Ouma, nikafuata mimi, kisha Babu, na Dani kidogo. Tukipona tulianguka tena. Ouma alikonda hata shingo yake ikashindwa kukiweka kichwa sawa, na Dani akawa akimlaza mapajani, akimkandamiza tumbo kwa kiganja kama anayetafuta kitu kilichofichwa.

Aliitwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, fundi wa kuondoa sihoho. Alitulaza kwenye mkeka uani, akatuchanja tumbo kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale na kuvuta kwa mdomo. Alipomaliza na mimi alitema kiganjani kinofu cha samaki chenye magamba.

"Hiki hapa," akasema. "Kimekuwa kikikula wewe, badala ya wewe kukila."

"Lakini sisi tunakula omena tu," nikasema. "Huyu ni samaki mkubwa."

"Mtoto, hiki si cha leo. Hukaa."

"Hukaa mpaka lini?"

"Dani yake, mjukuu wako anataka kunifundisha kazi?"

Dani alinifinya sikio. Lakini sikuridhika.

Fundi hakutaja jina. Mafundi wa aina hiyo hawataji, husema tu, "Tazameni ni nani aliyeingia hapa karibuni." Aliyeingia alikuwa mmoja.

Sasa nipime hoja ya Dani, kwa kuwa haikuwa ya kipuuzi. Kabla ya Rosa, tulikuwa wazima. Alipokuja, tukaugua. Yeye hakuugua. Zaidi ya hayo, alichota maji katika kisima kilekile cha boma, lakini hakuyanywa kama sisi. Aliyachemsha jikoni kwake na kuyaweka katika mtungi wake, akaufunika. Mumewe alikunywa humo, naye pia alikuwa mzima. Mtu anayekwepa chungu wanachonywea wenzake amejua nini kuhusu chungu hicho? Ningekuwa mwendesha mashtaka, ningeuliza swali hilohilo.

Dani aliliuliza alasiri moja barazani. Babu alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, Joram amesimama, Rosa amepiga magoti mbali kidogo na baba mkwe wake kama ilivyopasa. Sisi watoto tulilala mlangoni, hatuna nguvu za kufukuzwa.

"Nyar Ahero, watoto wangu wanahara. Mzee anahara. Wewe je?"

"Mimi ni mzima, Mama."

"Ndilo ninalouliza hilo. Maji yetu unayapika kama mboga. Yamekukosea nini?"

"Ni mazoea ya kwetu, Mama. Mafuriko yakija, kila kitu huingia kila mahali."

"Kitu gani?"

Rosa alimtazama Joram. Joram aliyatazama maji yaliyotuama uani.

"Sema. Kitu gani kimeingia katika maji yangu?"

"Siwezi kukitaja mbele ya Baba."

Babu aliinua fimbo yake akaiweka chini tena. Dani hakupandisha sauti. "Basi mmesikia wenyewe," akasema.

Rosa akainuka. Akaingia ndani kwa Dani, akachota kibuyu kizima kutoka chungu chetu, akarudi kukinywa mbele ya wote mpaka tone la mwisho. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba hakuna alichotutilia. Haukupita muda akaugua kuliko sisi sote, na Dani akasema jicho limemrudia mwenyewe. Angebaki mzima, angekuwa mchawi kwa kutougua. Alipougua, akawa mchawi kwa kuugua. Nimesoma vitabu vingi vya ushahidi tangu hapo, sijakutana na jaribio lililofungwa milango yote namna ile. Alirudishwa Ahero akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, kafungwa kwa leso mgongoni mwa mwendeshaji asianguke.

Kile alichoshindwa kukitaja kilikuwa choo.

Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, na mke huyo hawezi kukizungumzia mbele yake. Ni sawa na kumvua nguo. Kabla ya Joram kuoa, boma zima lilikuwa na choo kimoja, upande wa chini. Alipokuja Rosa, ilibidi Babu achimbiwe chake. Lakini ardhi yetu ya chini ni udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kubomoka wakati wa mvua. Sehemu ngumu pekee iliyobaki ilikuwa juu, nyuma ya zizi, na chini yake, mteremko ukiishia, ndipo kilipokuwa kisima. Shimo lilichimbwa kwa heshima ya Rosa na Babu, na mvua ilipojaza ardhi, kilichokuwa shimoni kikateremka.

Kwa hiyo Dani alisema kweli: ugonjwa uliingia pamoja na mkwe wake. Tarehe zake zote zilikuwa sahihi.

Rosa alipoondoka, tulipona. Hilo lilihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake, ingawa mvua nayo ilikuwa imekatika. Masika yaliyofuata tukaugua tena, yeye akiwa Ahero. Dani akasema kuna kitu alikifukia. Ndipo asubuhi moja Joram, bila kumweleza mtu, alipokifukia choo cha baba yake na kuanza kuchimba kingine mbali, huko chini kwenye udongo mweusi. Kuta zilibomoka. Akachimba upya, akaingiza pipa la chuma lililokatwa pande zote mbili, lishike kuta. Babu alimtazama siku nzima, hakuuliza. Kazi ilipokwisha, Joram alikwenda Ahero kumrudisha mkewe, na Rosa akaja na sharti moja: maji ya boma zima yachemshwe. Magonjwa yakapungua. Lakini yalipungua kwa sababu ya choo au kwa sababu ya moto? Mambo mawili yalibadilishwa kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kuapa kwa lolote.

Dani alifariki akiwa na jibu lake: fundi alifanya kazi nzuri, ila ilichelewa.

Majuzi, baada ya mafuriko, watu wa afya walipita wakipima visima vya eneo letu, na chetu wakakifunga. Nilikwenda kumwona Anti Rosa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma. Nilimweleza kwa makini kwamba kipimo cha leo hakithibitishi ya wakati ule. Akacheka.

"Wewe na ushahidi wako. Mimi nilijua siku walipoanza kuchimba."

"Ulimwambia Mjomba?"

"Usiku uleule. Akasema, nimwendee mzee nimwambie nini? Kwamba mke wangu anafikiria choo chake?"

"Ungetaja tu, Anti. Walikuwa wanakufukuza."

"Ningetaja, ningefukuzwa kwa kukosa adabu. Angalau uchawi watu huuonea shaka."

Nimekuwa nikidhani kwamba kesi ile iliharibiwa na imani ya Dani. Siku hizi namshuku zaidi mjomba wangu, mtu mpole, aliyejua na kuyatazama maji uani. Naishuku pia adabu yenyewe, ambayo sote tulilelewa nayo na ambayo mpaka leo siwezi kuiita kosa.

Anti Rosa alinimiminia maji yaliyochemshwa, yenye harufu ya moshi wa kuni. Nilipoinua kikombe, aligeuza uso akatazama ukuta, akabaki hivyo mpaka aliposikia nimekiweka mezani. Nilimwuliza kuna nini huko.

"Hakuna," akasema. "Nimezoea tu. Mtu akinywa, mimi huangalia kwingine."