Dakika Ishirini Alizonyamaza Geeske

Geeske Wiersum aliendesha lori la maziwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na mfugaji hata mmoja wa kijiji cha Noorderham aliyethubutu kumwambia asubiri. Akifika uani alipiga honi mara moja. Akipiga ya pili, ujue siku yako imeharibika. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono ya kazi na mdomo usio na breki, na watu walimpenda hivyo hivyo alivyo, maana maziwa yao hayakuchacha hata siku moja mikononi mwake.

Ukweni tu ndiko alikokuwa hana thamani, na sababu yake ni ya kijinga mpaka inaudhi kuisimulia.

Miaka kumi na miwili nyuma, wakiwa mezani, mama mkwe wake alijishika kifua katikati ya supu ya njegere. Uso ukamsawijika, jasho likamtiririka. Geeske hakumuuliza mtu, alipiga simu. Gari la wagonjwa likaja na king'ora chake, likasimama mbele ya nyumba, na kijiji kizima kikajazana madirishani. Kumbe ilikuwa gesi tumboni. Bibi kizee alizidisha njegere, basi. Kabla gari halijafika barabara kuu alishajamba na kupata nafuu. Wauguzi walimwambia Geeske amefanya vema, na siku nyingine ikitokea vile afanye vile vile.

Mtu angedhani familia nayo ingemshukuru. Thubutu! Lammert, mdogo wa mumewe Harm, aligeuza kisa kile kuwa mchezo wake wa kudumu. Ikija sikukuu, ikija harusi, ikija siku ya mtu kuzaliwa, utamsikia: "Shemeji, nimepiga chafya, lakini usipige simu bado!" Au: "Shemeji, mimi leo nimekula maharagwe, niitie kabisa na zimamoto!" Na watu wote waliokaa kwenye duara la viti wanacheka mpaka vikombe vinagongana. Miaka kumi na miwili, utani ule ule mmoja, haujabadilishwa hata nguo.

Harm naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya, mume wa Geeske. Alikuwa seremala, mkimya, mtu wa kupenda amani kupita kiasi, na kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni kutazamwa na watu. Alicheka ili yaishe. Hayakuisha, na mkewe alikuwa akirudi nyumbani kutoka kwenye sherehe hizo anafunga mlango wa gari kwa kishindo.

Sasa Jumapili moja ya mwezi wa tatu, Harm alitimiza miaka sitini na minne. Saa tano asubuhi alikwenda na Lammert kwenye ukumbi wa kanisa kuazima viti. Waliporudi, Geeske alichungulia kutoka jikoni akamwona mumewe anaingiza viti kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto tu.

"Mkono una nini?" akauliza.

Lammert ndiye aliyejibu. "Uzee, shemeji. Mwenzio ana sitini na nne leo, ulitaka abebe na meza?"

Harm akatabasamu, akainama kukipanga kiti. Keki ilikuwa jikoni inataka kuungua, na Geeske akarudi kwenye keki yake.

Saa tisa kamili wageni waliingia, wote kwa pamoja, maana kijijini hapo kuwahi ni aibu na kuchelewa ni aibu. Wakapeana mikono duara zima, kila mtu na kila mtu, maana desturi ni kumpongeza kila aliye karibu na mwenye siku. Hongera ya mumeo. Hongera ya kaka yako. Hongera ya jirani yako. Wakaketi, kahawa ikamiminwa, kila mmoja akapewa kipande chake cha keki, kimoja tu kwanza. Lammert alikaa karibu na dirisha na mkewe Roelie. Jirani yao Aaltje alikaa karibu na mlango.

Saa tisa na robo Harm aliinua kikombe chake. Kikombe kikainama taratibu, na kahawa yote, ya moto, ikammwagikia mapajani.

Hakuruka. Hakusema hata "aa". Alitazama suruali inavyolowa, kisha akafungua mdomo upande mmoja tu na kusema, "Kile... mlango ume... viatu."

"Haya!" Lammert akapiga goti lake. "Mzee amelewa na chupa bado hatujafungua!"

Wakacheka. Geeske alikuwa ameshasimama na kitambaa mkononi. Alimtazama mumewe usoni, na akajua. Narudia, alijua! Kila mwaka kiwanda cha maziwa kiliwaweka madereva darasani siku nzima na kuwafundisha huduma ya kwanza: tazama uso, tazama mkono, sikiliza maneno, kisha tazama saa. Uso wa Harm ulikuwa umelegea upande wa kulia, shavu limeshuka.

"Shemeji, shemeji!" Lammert alishamwona anatafuta simu kwa macho. "Tulia, mama! Amemwaga kahawa, hajamwaga damu. Tuonee huruma leo, tusiletewe king'ora kabla ya kipande cha pili!"

Duara zima likaangua kicheko. Hata Aaltje, mtu mzima, alifunika mdomo kwa mkono.

Na Geeske, mwanamke aliyekuwa akiwafokea wanaume wa mashamba hamsini, Geeske huyo huyo, alihisi uso unamwaka kwa aibu. Roelie akasema kwa upole, "Amechoka tu, mpeleke akajinyooshe kidogo." Wakamshika Harm, wakamlaza kwenye kochi la chumba cha pili. Geeske akarudi, akachukua birika, akaanza kumimina kahawa. Alimmiminia Lammert. Alimuuliza Roelie kama anataka maziwa zaidi. Alitabasamu.

Dakika ishirini.

Kisha birika likamshinda mkononi. Aliliweka chini katikati ya zulia, akaingia chumba cha pili. Harm alikuwa amelala macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya mwili wake, na kwa mkono wa kushoto alikuwa akijaribu kuuvuta utoke, hana uhakika ni wa nani.

"Harm. Nionyeshe meno, mume wangu."

Nusu ya mdomo ikaonyesha.

"Inua mikono yote miwili. Yote miwili, Harm."

Ukainuka mmoja.

"Sema, leo ni Jumapili."

Alijitahidi. Mshipa wa shingo ulimsimama kwa kujitahidi. Kilichotoka ni "lo... lo... lo", na machozi.

"Kiharusi!" Geeske alipiga kelele ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. "Mume wangu ana kiharusi na mimi nimekaa nawamiminia kahawa!"

Kicheko kilikatika. Roelie, kwa haraka ya kutaka kusaidia, akachukua simu na kupiga kwa daktari wa zamu, kwa sababu huo ndio utaratibu wa Jumapili, na kijijini hapo utaratibu huwa hauvunjwi hata nyumba ikiungua. Ikasikika sauti ya mashine: wewe ni wa saba kwenye foleni. Halafu muziki wa piano.

"Subiri basi, wanapokea," alisema Lammert. "Tukiruka foleni watatuona watu wa namna gani?"

Geeske alimpokonya Roelie simu, akaikata, akapiga namba ya dharura, mia moja na kumi na mbili. Mwanamke alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Geeske alimwambia kwa pumzi moja: mwanamume, miaka sitini na minne, uso umelegea, mkono wa kulia umekufa, maneno hayatoki, nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Yule mwanamke akamwambia gari linatoka sasa hivi, asimpe chakula wala kinywaji wala dawa yoyote, amlaze kichwa kikiwa juu kidogo, na akitapika amgeuze ubavu.

Geuka nyuma, nani yuko mlangoni? Roelie, na glasi ya maji ya sukari.

"Mguse na hiyo glasi nikuvunje mkono! Hawezi kumeza, Roelie, yatampalia! Aaltje, toka, simama barabarani, wakitokea wapungie mkono. Lammert, gari lako limeziba njia, liondoe. Sasa! Roelie, kabati la bafuni, dawa zake zote za presha, tia mfukoni, lete hapa!"

Walikimbia. Mara hii hakuna aliyekuwa na utani.

Gari lilifika baada ya dakika kumi. Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, alipiga magoti karibu na kochi, akatazama mboni, akapima presha, akapima sukari, huku akiuliza bila kumtazama mtu, "Ilianza saa ngapi?"

"Saa tisa na robo," Geeske akasema. "Nilichelewa kupiga simu. Nilichelewa dakika ishirini."

"Una hakika? Asubuhi alikuwa mzima kabisa? Nauliza kwa sababu iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini ni ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza. Zikipita, dawa hiyo hiyo inaweza kumuua. Kwa hiyo msinikisie."

Geeske alifungua mdomo kujibu kwamba ndiyo, alikuwa mzima. Hapo akamwona Lammert. Alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, na rangi imemtoka yote.

"Lammert," alisema. "Unajua nini?"

"Si kitu kikubwa..."

"Sema!"

"Kule kanisani. Viti vilimponyoka." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Alisema mkono umekufa ganzi. Maneno nayo yakamkwama kidogo. Baadaye yakarudi. Mkono... mkono haukurudi vizuri. Ndiyo maana alibeba kwa kushoto."

"Saa ngapi?" akauliza muuguzi.

"Saa tano. Kengele ilikuwa inalia."

Muuguzi akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Hesabu haikumhitaji mtu wa kuisema kwa sauti: zilikuwa zimeshapita saa nne na dakika arobaini na tano, na hospitali ya mjini ilikuwa mwendo wa nusu saa. Akamfunga Harm mikanda. "Twendeni," alimwambia mwenzake. "Nitawaambia saa tano."

Hospitalini walifanya walichoweza. Dawa ya kuyeyusha hawakuthubutu kumpa. Walimpiga picha za kichwa kuona kama damu iliyoganda inaweza kuvutwa kwa waya kupitia mshipani, wakaona iko kwenye mshipa mwembamba, ndani mno, haifikiki. Daktari kijana alimweleza Geeske mambo hayo kwa upole, na upole ule ulimuudhi kuliko matusi. Harm atabaki hai, alisema. Mguu huenda ukarudi. Kuhusu maneno, hakuahidi.

Siku ya nne Lammert alikuja hospitalini na maua. Geeske alimkuta kwenye korido, nje ya chumba, anazungusha lile shada mikononi, haingii wala haondoki.

"Aliniomba nisiseme, shemeji," alianza kabla ya kuulizwa. "Naapa. Alinishika koti akaniomba. Usimwambie Geeske, alisema."

"Kwa nini?"

"Alisema utaita gari la wagonjwa."

"Ningeita. Saa tano na dakika tano ningeita, na saa sita angekuwa na dawa mwilini. Kwa nini hakutaka?"

"Siku yake ya kuzaliwa... watu wanakuja... Unamjua Harm. Aliogopa wangemcheka."

"Nani?"

Lammert akaanza kuyapindapinda mashina ya maua.

"Nakuuliza, Lammert. Nani angemcheka? Mama yenu? Amekufa. Roelie? Roelie hucheka wewe ukicheka. Nitajie mtu mmoja mwenye kucheka watu wakiugua katika familia hii. Jina moja tu, niende zangu."

Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, akawakwepa. Geeske hakupunguza sauti.

"Mimi hatia ya kwangu ninayo. Nilimwona mume wangu mdomo umepinda, nikakaa dakika ishirini nakumiminia wewe kahawa, kwa sababu niliogopa meno yako. Mimi! Mtu ambaye sijawahi kuogopa hata fahali. Hiyo nitakufa nayo, na sikuombi uibebe. Lakini ya kwako usiniletee na maua. Nijibu. Nani?"

Mikono ya Lammert ilikuwa imeshavunja mashina mawili ya yale maua.

"Mimi," alisema.

Geeske hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Hakumwambia yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Aliusukuma mlango wa chumba ukawa wazi, na ndani Harm akageuza kichwa kwenye mto aone nani anakuja.

"Mimi si wa kuambiwa," alisema Geeske. "Ingia umwambie yeye. Na ukishamwambia, vuta kiti ukae hapo, mpaka akujibu."