Inchi za Ukutani

Miaka thelathini na minne ilimpita mama mshonaji taratibu, kama kitambaa kipitavyo chini ya sindano, na katika muda huo wote hakuna aliyemwona akikata nguo kabla ya kuipima mara mbili. Waliomjua walimwita Mama Futi, kwa ile futi ya kupimia isiyotoka shingoni mwake.

Vidole vyake ndivyo vilivyougundua ugonjwa. Alikuwa akijipimia blauzi yake mwenyewe vilipokutana na uvimbe mgumu kama kokwa katika titi la kulia. Kwa kuwa aliviamini vidole vile kuliko macho, kesho yake alikwenda hospitali. Daktari akamwambia wazi kuwa ni saratani, lakini imewahiwa. Titi likaondolewa, zikafuata dawa za mshipani zilizompukutisha nywele, ikabaki mionzi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwenye mashine ya mionzi mgonjwa hulala chali, mkono ameupandisha juu ya kichwa, asitikisike. Mkono wa Mama Futi, tangu upasuaji, haukupanda kupita bega. Mtaalamu wa viungo akamwagiza avipandishe vidole ukutani kila siku, akamwambia, "Una wiki tatu, mama. Usipofika, itabidi tusogeze tarehe mbele."

Mama Futi akapiga mistari ya chaki ukutani, nyuma ya cherehani, inchi kwa inchi. Siku ya tisa mstari uliruka inchi mbili kwa mkupuo. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye nyumba moja, aliingia na kikombe cha chai akasimama mlangoni.

"Wifi wee! Hivyo visigino vimekwenda wapi?"

"Visigino gani?"

"Hivyo vinavyoelea! Miaka yote nawaapia wateja kwamba wewe huwaibii vitambaa. Kumbe unaiba ukuta!"

"Ni inchi mbili tu."

"Na kwenye mashine utalala chali. Huko visigino utaviinulia wapi?"

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Kisha kicheko cha Mama Futi kikakatika, akajifuta macho kwa ncha ya futi.

"Naogopa, wifi. Wakisogeza tarehe, ugonjwa hautanisubiri."

"Basi futa chaki, tuanze upya. Visigino niachie mimi."

Tangu hapo wifi, mwanamke wa mwili wa kutosha, aliketi kila asubuhi kwenye kigoda nyuma yake, akavishika visigino vyake chini kwa viganja viwili, huku akimsimulia umbea wa mtaa mzima ili maumivu yasipate nafasi ya kusikika. Mistari ikapanda polepole, lakini kwa haki.

Siku ilipowadia, Mama Futi akalala chini ya mashine, akavuta pumzi, akaupandisha mkono. Ulivuta, ukauma, ukapita sikio, ukatulia juu ya kichwa.

"Umekaa sawasawa, mama," akasema mhudumu wa mionzi. "Usitikisike."

Hakutikisika, ila tabasamu lilimponyoka.

Jioni alikuta wifi ameupiga ukuta rangi mpya, ameacha mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa.

Mola, Mponyaji, amkamilishie mama huyu afya yake, auhifadhi mkono wake na kazi yake, amrehemu mumewe, na amlipe mema wifi yule na watu wote wa nyumba ile. Amin.