Bitana ya Bendera

Fundi huyu alishona bendera za serikali kwa cherehani ya miguu tangu kifungua mimba wake yuko mgongoni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Bendera. Nchi yake ndogo, lakini mwaka huo ilikuwa kama binti anayeposwa na matajiri wawili. Mwezi uliopita walikuja wakubwa wenye dubu kwenye bendera yao, wakiomba urafiki. Sasa wanakuja mahasimu wao, wenye tai, na viongozi wa nchi jirani wamealikwa wasikilize.

Mkuu wa itifaki alimwita fundi akamkumbusha kwamba mwaka jana bendera ilichanika mbele ya mgeni. Ikichanika tena, kazi inakwenda kwa wenye mashine ya kuchapa bendera.

Mama Bendera akasali, kisha akatafuta bitana, kitambaa cha ndani cha kuzitia nguvu bendera za tai. Stooni zilikuwemo bendera za dubu za mwezi uliopita, kitambaa kizito, zinangojea kugeuzwa matambara ya kudekia. Roho ikamuuma. Akazishonea ndani ya zile mpya, kila tai na dubu wake. Chini ya balbu ya chumbani, hakuna kilichoonekana.

Asubuhi ya mapokezi kulikuwa na mawingu. Mgeni akasimama, akawaambia majirani kwamba wakati wa kukaa katikati umepita. Kila mtu achague rafiki. Hapo hapo jua likatoka, na dubu wakachungulia kifuani mwa tai, mlingoti hadi mlingoti.

Mgeni akainua macho, akawaona. Majirani wakakohoa. Mkuu wa itifaki akamfuata fundi nyuma ya jukwaa, jasho likimtiririka.

"Mama, umetufanya nini?"

"Nimetia bitana, mkubwa. Si ulisema zisichanike?"

Waziri wa mambo ya nje, aliyekuwa ukingoni mwa jukwaa karibu na mgeni, aliwasikia. Akarekebisha tai yake ya shingoni, akamgeukia mgeni. "Mheshimiwa, huo ndio msimamo wetu. Rafiki mmoja nje, mwingine ndani, na upepo hautuchani."

Majirani wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka, maana nao dubu alishawatembelea. Mgeni akacheka kwa meno tu, na kabla ya kuondoka akaongeza daraja kwenye misaada aliyoahidi.

Tangu siku hiyo bendera zote za wageni zikaamriwa kutiwa bitana ya namna hiyo, kazi ambayo mashine ya kuchapa haiiwezi. Wenye dubu waliporudi, ofisa wao alitangulia chumbani kwa fundi, akainua bendera kwenye balbu, akanong'ona akiomba tai asionekane sana.

"Nitajitahidi, mwanangu," alisema Mama Bendera, akitia uzi sindanoni. "Ila jua ni la Mungu."