Nauli kwa Mabeseni ya Sambaza

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyokaribia kumkwamisha mama yangu njiani kwa sababu ya hesabu zangu.

Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Kamembe, mwisho wa ziwa, na mama alitamani kumpakata mjukuu. Wakati huo nilikuwa nikinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa wavuvi wa Nyamyumba na kuwauza Goma, ng'ambo ya mpaka. Akiba yangu ilikuwa ya thamani ya mabeseni matano, na nilijiona bingwa wa dola na faranga. Gari la upande wetu wa mpaka hadi Kamembe, kwenda na kurudi, lingemaliza akiba yote. Boti ya Goma, inayoshusha watu Bukavu, jirani na Kamembe ng'ambo ya mpaka, ililipiwa kwa dola. Nikageuza dola kuwa faranga, nikaona itabakiza hata pesa ya blanketi la mtoto. Basi nikatamba sokoni!

Mama Feza, aliyenifundisha kuuza samaki, akaomba kuiona karatasi yangu.

"We, hii bei ya dola umeitoa wapi?"

Nikamwambia ndiyo niliyouzia dola zangu jana.

"Aa! Hiyo ni bei yenye wanakununulia. Ukiitafuta dola, watakuuzisha juu. Na pikipiki ya kufika ku bandari? Na gari ya kutoka Bukavu mpaka ku mupaka? Tupa karatasi. Hesabu na sambaza."

Akapanga mabeseni matupu chini. Gari lilikula mawili na nusu kwa kila mmoja wetu, mimi na mama, matano kamili. Boti, na vyote nilivyovisahau, matatu kila mmoja. Sita!

"Bon. Mama yako utamuacha Goma ama Bukavu?"

Uso ulinishuka mbele ya wauzaji wote.

Tukapanda gari. Mama alitapika karibu kila kona, masikini, lakini tulifika! Alipompakata yule mtoto alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Blanketi hakuna aliyeliulizia. Mama alimfunga mtoto kwa kitenge chake mwenyewe. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika, na hadi leo nikikumbuka najiona mshindi.

Kwa hiyo, mwanangu unayelinganisha nauli kwenye simu, geuza kila bei iwe kitu kimoja unachokijua kwa jasho lako. Tumia bei utakayouziwa ile pesa, na uhesabu tangu mlango wako hadi mlango wa anayekusubiri. Kisha mwonyeshe mtu asiyeogopa kukucheka.

Mungu akufikishe kila uendako na wote ulioondoka nao, na mlangoni upokelewe kwa vigelegele.