Mfuniko, Pipa na Upepo

Juzi stesheni ya Isaka, treni ikiwa imechelewa, makuli wawili walishindana kurusha mfuniko wa sufuria uingie kwenye pipa tupu.

Yule mnene alijipapasa msuli. "Mkono wangu hauna mpinzani. Udhaifu wangu ni upepo tu." Akarusha. Mfuniko ukatua katikati ya mbuzi wa watu.

Mwenzake akafumba jicho moja. "Mimi nina shabaha. Udhaifu wangu ni hili pipa, limekaa upande." Akakosa vilevile.

Mama ntilie akaja kuchukua mfuniko wake, akaufuta kwa khanga. "Ajabu, baba zangu. Mimi nikiurudisha kwenye sufuria haukosei."

Nikaenda dirishani nikicheka, nikamwuliza karani habari za treni. Akavuta kofia mbele.

"Treni yetu ni imara, ndugu. Udhaifu wake ni ratiba."