Radhi Iliyobandikwa Kinuni

Mtaa mzima ulimwita Kopi, kwa sababu kibanda chake kilikuwa cha kutoa kopi, kuchapa barua na kuvisha vyeti plastiki. Wateja wakipungua mchana, aliandika habari za mtaa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: bomba lililopasuka, mwalimu aliyestaafu, taa za barabarani zilizokufa. Watu walizipokea kama maji ya kunywa, bila kuuliza kisima ni cha nani.

Siku moja akaandika kwamba kuna mwenye kinu anayechanganya mahindi yenye ukungu na mazima. Hakutaja jina. Kwa hesabu yake, asiyetajwa hana pa kushika. Alisahau kwamba mtaa una kinu kimoja tu.

Siku ya tatu ikaja barua ya wakili wa mwenye kinu. Afute habari ile, aombe radhi, radhi ibandikwe hata mlangoni mwa kinu, wala asirudie madai yale kwa mtu yeyote, kwa mdomo au kwa maandishi. Siku saba, la sivyo mahakamani.

Kopi akaipeleka barua kwa karani wa mahakama, mteja wake wa siku nyingi.

"Ulichoandika ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Tupu ndiyo tatizo, Kopi. Kweli ya mahakamani haiendi tupu, inaletwa na mtu. Yako ataileta nani?"

Wa kuileta alikuwa mmoja: mke wa kaka yake, mpepetaji wa pale kinuni, ndiye aliyeyaona magunia kwa macho yake. Kopi akamkuta uani anafua.

"Shemeji, shida yako naiona tangu langoni," alisema bila kuinua uso. "Ukinitaja, nitaapa sijaona hata punje."

"Utaapa uongo?"

"Kaka yako mgongo umemlaza mwaka wa pili. Ni kinu kile kile kinachotulisha. Ungekuwa mimi, ungeapa nini?"

Kopi alishika ncha ya pili ya shuka, wakaikamua pamoja, huyu akisokota huku, yule kule, mpaka maji yakaisha.

Siku ya saba alichapa: "Nilichoandika hakikuwa kweli. Unga wa kinu hiki ni safi." Akaivisha karatasi plastiki isilowe mvua, kwa mazoea tu, kama kazi ya mteja. Mwenye kinu akaipokea mlangoni, akaigeuza huku na huku.

"Kazi nzuri, Kopi. Hata kona hazikukunjamana."

Kesho yake asubuhi mama yake aliingia kibandani na mfuko wa unga kwapani. Nyuma yake alisimama mpima unga wa kinuni, ameleta cheti chake kivishwe plastiki.

"Mwanangu, leo miguu imepumzika," mama alisema. "Siku kumi nafuata unga ng'ambo ya soko kwa sababu ulisema. Jana nikasomewa pale mlangoni kwamba ni safi. Ni wewe uliyeandika, au si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi yameisha." Akafungua mfuko, akachota kidogo, akanusa. Akanusa tena. "Mbona kama una harufu?"

Kopi akautazama unga, akamtazama mpima unga. Mpima unga alikuwa anatabasamu.

"Niachie mfuko huo hapa, mama. Jioni nitakuletea mwingine."

"Mwingine wa nini? Huu una nini?"

Mashine ya plastiki ilikuwa imeshapata moto, inanguruma mezani.

"Sema basi! Wenzangu sita wako njiani kwenda kinuni sasa hivi. Nimewaambia mwanangu hasemi uongo."

"Hasemi, mama," mpima unga akadakia. "Sisi tangu jana tunamsoma mlangoni."

Kopi akapokea cheti kwa mkono wa kushoto, akakisukuma mashineni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mfuko wa unga, mama naye anauvuta kwake, na wala haukuachia.