Kaburi la Yago

Watu wengine huweka vyombo vya wageni kwenye kabati la kioo. Mimi niliweka vita. Ukiketi sebuleni kwangu Rongo ukingoja chai, ungeona maganda ya risasi yaliyopangwa kwa urefu, vifungo vya makoti ya askari, soli ya buti yenye misumari, na bakuli la bati lililotobolewa na kitu ambacho sikuwahi kukijua. Vyote vilitoka kwenye mashamba ya Migori na kando ya ziwa, kule ambako Waingereza na Wajerumani walipigania nchi isiyokuwa ya yeyote kati yao. Mkulima jembe lake likigonga chuma alinikumbuka mimi. Mke wangu aliliita kabati hilo mochari, nami nikajisemea kwamba nimeoa mwanamke asiyethamini historia.

Nilifundisha somo hilo hadi nikastaafu, na mstaafu mwenye runinga ni mtu wa kuchungwa. Kila Jumapili alasiri nilitazama kipindi cha Wazungu wanaochimba masalia ya vita huko kwao. Walitembea msituni na mashine ya kunusa chuma, ikilia wanachimba, na wakipata kofia ya chuma wanapiga kelele kama watu walioshinda mechi. Mara mojamoja ulitokea mfupa. Hapo muziki ulipunguzwa, wakavua kofia zao, yakaja matangazo ya biashara, na tuliporudi walikuwa tayari wanasugua bizimu ya mkanda. Niliona hilo, na nisiseme sikuliona. Niliona mfupa ukifunikwa haraka ili chuma kisafishwe taratibu, na sikuzima runinga.

Basi siku moja ikaja barua pepe. Watengenezaji wa kipindi cha namna hiyohiyo walikuwa wameona picha za kabati langu mtandaoni, na walitaka kuja kuchimba upande wetu. Je, nilijua mahali? Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Nilijua mahali, tena pazuri, kwa sababu palikuwa nyumbani kwetu, karibu na Kisegi.

Baba yake babu yangu alichukuliwa katika vita vile kubeba mizigo. Hakupewa bunduki. Alibeba za wengine, na masanduku ya risasi, na vyakula ambavyo hakuruhusiwa kuvila. Shingoni alifungwa kisahani cha shaba chenye nambari, ili akianguka njiani wajue ni mzigo wa nani umebaki bila mtu. Alianguka, hatujui wapi, mbali huko kusini. Mwenzake wa kijiji kimoja ndiye aliyerudi, amekonda kama mpini wa jembe, na kile kisahani mkononi.

Kwetu Wajaluo mtu hapotei hivihivi. Mwili usipopatikana, hukatwa yago, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, likavingirishwa kama maiti na kuzikwa ndani ya boma kwa vilio vyote vinavyostahili. Hapo marehemu anakuwa na mahali pa kurudi, haendi kuzurura na kusumbua watoto. Yeye walimzikia yago, na wakakifunga kile kisahani kwenye kikonyo cha tunda, mahali ambapo shingo ingekuwa. Mimi nilipozaliwa, miaka mingi baadaye, nilipewa jina lake.

Aliyelitunza kaburi lile ni Dani. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Alikuwa mke mdogo wa babu yangu na ndiye aliyenilea; sasa amepita miaka tisini na macho yamemwacha nusu. Baba mkwe wake huyo hakumwona hata siku moja, kwa kuwa alipoolewa yago lilikuwa limeshaoza zamani. Lakini kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, alifagia pale kwa mkono wake. "Baba mkwe halali kwenye takataka," alisema. Na kwa kuwa nilikuwa na jina la mzee huyo, tangu nikiwa mtoto wa kutambaa Dani aliniita hivyohivyo, Baba Mkwe. Kwa kuwa mke hali chakula mbele ya baba mkwe wake, alinitania kwa kukataa kula mbele yangu, akigeuka ukutani na bakuli lake la uji, mimi nikicheka hadi kwikwi. Hata nilipokuwa na mvi, nikibisha hodi alisema, "Ngojeni nijifunike, baba mkwe amefika."

Sikumwambia neno. Nilijua angesema nini, ndiyo maana sikumwambia. Badala yake nilichagua Jumamosi, siku ambayo boma zima linakuwa kanisani toka asubuhi hadi jioni. Nilikuwa mwana wa nyumba hiyo na nilipanga kama mwizi.

Walikuja watu watano na magari mawili. Kabla ya kuchimba walinipa fomu. Ilikuwa na swali moja lililoandikwa kwa herufi nene: je, mahali hapa pana mabaki ya binadamu? Walikuwa waangalifu kuhusu hilo, na nilisifu uangalifu wao. Nikaweka alama kwenye "hapana", nikatia sahihi. Haukuwa uongo. Mbele ya kamera mtangazaji akaniuliza tena, kwa sauti ile ya upole ya Jumapili alasiri, ni nani aliyelala hapa.

"Hakuna mtu humo," nikasema. "Ni tunda tu."

Walicheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi yao.

Mashine ililia mara moja tu. Udongo ulikuwa laini, kwa miaka yote ile hakuna aliyeukanyaga. Yago lenyewe halikuwepo, ila doa jeusi refu kiasi cha mkono wa mtu, na juu ya doa hilo kile kisahani. Mtangazaji alikitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba, nambari ikajitokeza, akapiga yowe. Tukakumbatiana. Nimejaribu tangu siku ile kukumbuka kama nilisikia uchungu wowote wakati huo, na sikusikia. Nilikuwa na furaha.

Kisha akaniletea kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Singe ya Kijerumani, mpini wa mbao, ala yake nzima. Akasema ni zawadi ya mkusanyaji kwa mkusanyaji, na kisahani angekwenda nacho kikasafishwe kitaalamu. Nilishika singe ile nisitake kuiachilia, jinsi nilivyokuwa nimekitamani kitu kama hicho. Tamaa mbele, mauti nyuma, niliwafundisha watoto wa watu methali hiyo miaka thelathini. Tulirudisha udongo, tukausawazisha, wakaondoka.

Dani alirudi jioni na gauni lake jeupe la Sabato. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi ila si kwa macho yake yaliyofifia kuona rangi ya udongo. Alisimama. Katika boma udongo mbichi una maana moja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Dani."

"Basi nani ametolewa?"

Nikamweleza. Niliongea kama mwalimu, kuhusu historia, kuhusu dunia nzima kujua mateso ya wapagazi, na yote hayo ni kweli, na yote nilikuwa nimeyatunga nikimngoja. Nilipoona hayamwingii nikatoa ile hoja yangu kubwa. Nikamwambia hakukuwa na mtu mle ndani.

"Miaka sabini," akasema kwa Kijaluo, taratibu, "nimekuwa nikimfagilia hakuna mtu?"

Akaketi chini pale pale na gauni lake jeupe. Niliposhika mkono wake kumwinua aliuondoa. "Niache, mwalimu," akasema. Tangu siku ile ndivyo alivyoniita. Mwalimu, kama vile wauza mboga wa Rongo wanavyoniita. Na alikula mbele yangu bila kugeuka.

Kitu kimoja tu aliniomba, na hakukiomba mara mbili: kile kisahani kirudi kabla yeye hajafa. Mzee yule ni baba mkwe wake. Atamkuta huko, na atamwambia nini, kwamba alilinda mlango miaka sabini kisha mjukuu akaufungua siku yeye yuko kanisani?

Nikawaandikia barua watu wa kipindi. Wa kwanza alijibu kwa heshima, wa pili kwa ufupi. Wa tatu aliniambia kwamba kifaa hicho sasa kiko kwenye mkusanyiko wa mtu binafsi, ambaye anakitunza vizuri kuliko ardhi ingeweza kukitunza, na zaidi ya hapo nilikuwa nimetia sahihi ile fomu. Maneno yale yalinichoma kwa sababu niliyajua. Ndiyo niliyowaambia wakulima wa Migori nikiwa nimesimama mlangoni kwao. Kwako kitaoza, mzee, kwangu kitatunzwa. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na safari hii mjukuu mwenyewe alikuwa mimi.

Kipindi kilipotoka nilikitazama peke yangu. Mzee mmoja mwenye mvi anasema hakuna mtu humo, ni tunda tu, na anacheka. Nilisimamisha picha pale kisahani kinapoonekana kwenye kiganja cha mtangazaji, nikanakili nambari. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa kuchonga funguo hapo Rongo, Mwislamu aliyehamia kutoka Mumias, na kipande cha shaba nilichokiokota kwa wauza vyuma chakavu.

"Sasa mwalimu, hii ni ya mbwa?" akauliza, akigeuza karatasi yangu. "Nambari tu? Jina hakuna?"

"Jina hawakuandika."

"Na mwenyewe iko wapi?"

Nilimwambia ni ya marehemu. Akazima mashine, akasema "Inna lillahi", kisha akakata kwa mkono, polepole. Nilimwomba aipake moshi ionekane kuukuu. Aliniangalia, akafanya, kisha akaisukuma juu ya meza badala ya kunipa mkononi.

Nilikuwa nimeamua kumdanganya Dani, nisijifiche. Nilijisemea ni huruma. Nikafika Kisegi, nikamwekea kisahani kwenye kiganja nikasema, "Kimerudi." Hakujisumbua kukitazama. Alipitisha kidole pembeni, akarudia, akakipeleka puani.

"Ni fundi gani alitengeneza?"

Kuku aliingia, akatoka. Nikamtajia fundi.

"Nambari ndiyo?"

"Ndiyo yenyewe. Hiyo sijadanganya."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akairudia tarakimu moja moja, na nikatambua kwamba hakuwahi kuijua. Wakati wake kisahani kilikuwa chini tayari. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa msamaha au hukumu.

"Yago nalo halikuwa yeye," akasema. "Watu walilia, ndipo likawa yeye. Nenda ukakate lingine."

Nilikata. Nilikwea mwegea mwenyewe na umri wangu huu, na nililibeba tunda begani hadi nyumbani, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mke wangu na jamaa wachache walikuja. Dani alilivingirisha kwa shuka yake, akafunga kisahani kwenye kikonyo kwa mkono wake, bila kuhitaji macho. Nilichimba peke yangu; hakuna aliyejitolea kunisaidia na sikuomba.

Nilikuwa nimemletea pia ile singe. Nilitaka tuizike humo humo ili iondoke kwangu. Alikataa hata kuigusa. Akaniuliza kama mwenye kisu hicho naye hana kwao, hana mama, kwa nini alazwe juu ya mtu aliyebebeshwa mizigo ya vita vyao. Nikairudisha. Iko kwenye kabati, peke yake sasa. Vile vingine nimevirudisha kwa wakulima niliowakumbuka, na wengine wamenicheka, mwingine akakitupa kifungo mbele yangu kwenye shimo la takataka. Singe sijui pa kuipeleka.

Tulipolilaza tunda, Dani akasema mama mkwe wake alimsimulia kwamba mara ya kwanza mzee aliitwa kwa jina, kwa sauti, ili ajue njia imefunguliwa. Mtu wa kuita ni yule aliyeliharibu kaburi, akasema. Nami jina langu na lake ni moja.

Basi nikasimama kwenye ukingo wa shimo, mwanamume mzima aliyestaafu, nikaliita jina langu mwenyewe. Sauti ilitoka ndogo. Nyuma yangu hakuna aliyelia. Nilimgeukia Dani, nikitumaini sijui nini, labda angejifunika uso na kusema baba mkwe amefika.

Alikuwa amesimama wima na fimbo yake, sikio limeelekezwa upande wa kusini.

"Ita tena, mwalimu," akasema.